Neno la Mbuzi wa Kwanza

Kijiji cha Ujamaa, Nyanungu
Tarime
12 Novemba 1975

Mwanangu Gati,

Anayeandika ni Mwalimu Kornelio wa darasa la watu wazima, lakini maneno ni yangu mimi baba yako Wangwe. Nimemwambia aandike ninavyosema, asije akanipamba. Mimi sijambo. Mguu unauma asubuhi, ukipata jua unaacha.

Tangu Serikali itupange kwenye hii mistari, nyumba yangu ni ya nne kutoka ofisi ya kijiji. Majirani wako karibu hata kikohozi changu wanakisikia, ila wa kuzungumza naye sijampata. Kule mlimani nilikuwa peke yangu na nilijua niko peke yangu. Hapa niko peke yangu katikati ya watu, na hilo sijalizoea. Kaburi la mama yako limebaki kule, maana kaburi halihamishwi kwa operesheni ya vijiji. Jumapili wenzangu wakienda kanisani, mimi napanda mlimani kung'oa majani.

Kazi yangu bado ipo. Watu wanakuja kusomewa utumbo wa mbuzi kama zamani, hata hao wa kanisani, wanapitia nyuma ya nyumba. Juzi nilisomea watu wa Kisyeri, kijana wao anakwenda kutafuta kazi Kenya. Njia yake ilikuwa nyeupe, nikamwambia aende.

Sasa nikukumbushe. Siku ile ulipokuwa unaondoka na mume wako Marwa, tulichinja mbuzi wa safari. Wewe mwenyewe ulishika ungo wa kupokelea utumbo, umegeuza uso kama mila inavyotaka kwa mtoto wa kike, na mimi nikasoma mbele ya Marwa na watu wake wote: mtoto wa kwanza wa Gati akizaliwa ng'ambo ya mto Mara, hatakaa duniani. Sikusema mimi, alisema mbuzi. Kwa hiyo ukipata mimba, uje ujifungulie huku kwangu. Chumba cha nyuma nimekikandika upya.

Baba yako,
Wangwe (dole gumba)

Kwa mkono wa Mwl. Kornelio. Dada Gati, mzee nimemwandikisha darasani mara mbili na mara zote mbili hakutokea. Anasema herufi ni za watu wenye macho ya kuchezea.


Manchira, Mugumu
Serengeti
9 Desemba 1975

Tata, shikamoo,

Barua yako imefika na nimeisoma mara nyingi. Mpe salamu Mwalimu Kornelio. Mimi ni mzima, na tumbo lina miezi minne. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua, lakini mama mkwe alijua kabla yangu, alinitazama tu nikikoroga ugali.

Huku ni kuzuri. Ardhi haina mawe na Marwa amepata ekari zake karibu na za kaka yake. Siku tatu za juma yuko shamba la ujamaa, siku nyingine yuko kwenye lake, jioni yuko mkutanoni. Majirani zetu ni Waikoma na Wanata. Wananipokea vizuri. Kisimani wakicheka na mimi nacheka, ila nachelewa kidogo, kwa sababu nasubiri nione wenzangu wameanza. Kiswahili wanakitumia wakinikumbuka. Mama mkwe wangu, Mama Bhoke, ni mtu mwema, anaombea chakula mpaka kinapoa.

Habari ya kujifungua, Marwa amekubali bila kubishana. Lile neno la mbuzi lilimwingia kuliko lilivyoniingia mimi. Kwao walizaliwa tisa wakabaki wawili, kwa hiyo neno la namna hiyo haliwezi kumpita sikioni. Mama Bhoke hataki. Anasema mjukuu wake azaliwe hapa, zahanati ipo, na ajuaye kesho ni Mungu peke yake. Marwa akamjibu kwamba hata mbuzi aliumbwa na huyo huyo Mungu.

Lakini Marwa akishasema amesema. Nitakuja, Tata, kabla ya mwezi wa tano. Nitakaa mpaka mtoto aote meno.

Mwanao,
Gati


Nyanungu
20 Februari 1976

Mwanangu Gati,

Nimefurahi kwa ajili ya tumbo, furaha yake siwezi kumwambia Kornelio aiandike, atachoka. Sasa nisikilize vizuri.

Mvua mwaka huu imekuja mapema na imekuja na hasira. Mto Mara umejaa. Juma lililopita mtu mmoja wa Kemambo, Nashoni, alivuka na mke wake pale pale wanapovukia watu siku zote. Maji yaliwachukua wote wawili. Mwanamke alipatikana ameshika mti. Nashoni hajapatikana mpaka leo.

Kwa hiyo usije. Jifungulie huko huko.

Najua utauliza habari ya mbuzi. Nimechinja mwingine jana kwa ajili yako, nimemwangalia vizuri sana, hana doa. Sasa umefunguliwa. Zaa huko kwa amani, kiangazi nitamwona mtoto.

Baba yako,
Wangwe (dole gumba)

Kwa mkono wa Mwl. Kornelio.


Manchira
8 Machi 1976

Tata, shikamoo,

Barua yako nilimsomea Marwa jioni ile ile. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwambie mzee, yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba mbuzi wa pili hafuti neno la mbuzi wa kwanza." Na ni kweli, Tata. Watu wa Werema walipochinja mbuzi watatu wakitafuta mmoja wa kuwaridhisha, uliwafukuza uani kwako mbele za watu. Ulisema mbuzi siyo duka la kuchagua kanga.

Nikamwambia habari ya Nashoni. Akasema kama mto umepangiwa kutuchukua, utatuchukua hata tukiwa kitandani. Hapo Mama Bhoke akaweka chini ungo wake. "Mwanangu," akamwambia, "kama mto ndivyo ulivyo, basi na mtoto si ndivyo alivyo? Kama amepangiwa kutokaa, hatakaa hata akizaliwa mapajani kwa babu yake. Na kama kuhama kunamwokoa, basi hakupangiwa. Chagua moja." Marwa alitoka kwenda kuangalia ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wameshafungiwa.

Mimi nimelala nikiliwaza hilo. Yule mbuzi, alijua kwamba nitakwenda kuzaa kwako? Kama alijua, alikuwa anamsema mtoto gani? Lakini haya si maswali ya kumwuliza baba.

Marwa ameamua tunakwenda. Basi la kuzungukia Musoma halijaonekana tangu Januari na lori la ushirika halipakii watu, kwa hiyo ni punda mpaka mtoni, halafu tutavuka kwa kamba na vijana wa Kemambo. Tutaondoka Jumatatu ya Pasaka.

Usiogope, Tata. Mimi siogopi.

Mwanao,
Gati


Nyanungu
22 Machi 1976

Gati mwanangu.

Huu ni mkono wangu. Naenda darasani tangu barua yangu ya mwezi wa pili. Nakaa nyuma. Kornelio anadhani naandika majina ya mazao.

Yule mbuzi wa kwanza alikuwa safi. Hapakuwa na doa. Nilisema uongo.

Ng'ombe nilikula. Mahari imeliwa, ningekuzuiaje kwenda na mume? Nilitaka urudi ukae na mimi kidogo. Basi.

Nashoni amepatikana. Mamba walimkuta kabla ya watu. Sisemi zaidi.

Usivuke. Mwonyeshe Marwa hii. Watu wengine wasijue. Wakijua huku, mimi si kitu tena.

Wangwe


Manchira
3 Aprili 1976

Tata, shikamoo,

Nimepata barua yenye jina lako, herufi zake kama za mtoto wa darasa la pili. Haikutoka kwako, hilo najua. Baba yangu hajui kuandika. Nadhani najua ilikotoka. Mama Bhoke ana mpwa wake, Simoni, anasoma, na mama hajaacha kutafuta njia ya kunizuia. Nimeichoma jikoni kabla Marwa hajarudi, ili pasiwe na ugomvi ndani ya nyumba.

Aliyeandika amekutukana sana. Amesema ulidanganya juu ya mbuzi. Nyanungu nzima inajua kwamba Wangwe anaweza kumdanganya mtoza kodi, anaweza kumdanganya hata padri, lakini juu ya mbuzi hadanganyi.

Kama una neno kwangu, lije kwa mkono wa Mwalimu Kornelio, ambao Marwa anaujua. La sivyo, Jumatatu ya Pasaka iko pale pale. Mzigo nimeshafunga. Ni mdogo, nguo za mtoto na sabuni.

Mwanao,
Gati


Nyanungu
11 Aprili 1976

Kwa Marwa, na kwa Gati,

Naandika mimi Kornelio, mbele ya wazee sita wa ukoo na mwenyekiti wa kijiji. Mzee Wangwe ameomba wakusanyike. Hatukujua analotaka kusema. Maneno yanayofuata ni yake, nayaandika kama anavyoyatoa.

Marwa, mkwe wangu, nisikilize. Nimeshika kisu hiki miaka thelathini na miwili. Nimesoma mbuzi wa ndoa, wa tohara, wa kuhama, wa kutafuta ng'ombe waliopotea. Mbuzi wa safari ya Gati nilimsoma pia, na utumbo wake ulikuwa mweupe kama maziwa. Hapakuwa na neno juu ya mtoto. Neno lile nililitoa kichwani mwangu.

Mnauliza kwa nini. Mke wangu amekufa. Watoto wa kiume sikupata. Gati ndiye aliyebaki, na alikuwa anakwenda mahali ambapo mimi siwezi kutembea nikarudi siku moja. Nilitaka nimfunge kamba ndefu, nikiivuta arudi. Sikufikiria mto. Mimi ninayejitia kuona kesho, mto wa kila mwaka sikuuona.

Marwa, usimvushe mke wangu... andika mwanangu, mwalimu, nimekosea. Usimvushe mwanangu. Mtoto azaliwe kwako. Hana lolote juu yake, zuri wala baya, ni mtoto tu kama wengine.

Nimemaliza.

Wangwe (dole gumba, na jina ameliandika mwenyewe)

Dada Gati, naongeza haya baada ya watu kuondoka. Mzee Werema alimwuliza, "Sasa tutajuaje kwamba wale wengine wote hukudanganya?" Baba yako alifungua mdomo akaufunga. Wamemnyang'anya kisu hapo hapo. Watu wa Kisyeri wameshatuma mtu Kenya kumrudisha kijana wao. Mwanamke mmoja alimwuliza habari ya mtoto wake aliyekufa mwaka juzi, naye akainamisha kichwa, mpaka mama yule alipoondolewa.

Ile barua ya herufi za kitoto ni yake. Nimemwuliza akakubali. Mimi ndiye niliyemfundisha zile herufi, sikujua zilikuwa za kazi gani. Hii ya leo nampa dereva wa lori la ushirika mkononi, aifikishe kabla ya Pasaka. Ameniapia.

Kornelio


Manchira
15 Juni 1976

Tata yangu, shikamoo,

Nimechelewa kuandika. Si kwa sababu ya mtoto.

Mtoto alizaliwa tarehe kumi na saba Mei, alfajiri, zahanati. Ni msichana. Mama Bhoke amembatiza Verdiana. Ananyonya vizuri na analia kama anayedai haki yake.

Lori lilifika Ijumaa Kuu. Marwa aliisoma barua mwenyewe amesimama uani, akaja akafungua mzigo wangu, akarudisha sabuni mahali pake. Juma lile la Pasaka mto ulichukua watu watatu wa huku waliokuwa wanakwenda arusini Kemambo. Msibani watu walisema siku zao zilikuwa zimefika. Mimi nilikaa na tumbo langu nikiwaza kwamba tungekuwa pale pale, na wangesema hivyo hivyo.

Sasa nina neno langu, na ninaliandika Marwa akiwa shambani.

Tata, mimi nilijua.

Ulinishikisha ungo tangu nina miaka minane kwa kuwa hukuwa na mtoto wa kiume. Ukaniambia nigeuze uso. Ni mtoto gani atageuza uso? Nimeona utumbo wa mbuzi mwingi kuliko kurasa nilizosoma shuleni. Doa la msiba nalijua, na mshipa wa safari naujua. Siku ile ya kuondoka niliangalia, nikaona kweupe. Halafu nikakusikia unasema mtoto wangu hatakaa. Wote waliguna. Mimi moyo wangu uliruka kwa furaha, kwa sababu nilielewa unaniita.

Neno lile nililitunza kuliko kanga zangu za arusi. Huku siku hupita sijasikia mtu akinitaja jina, ni mke wa Marwa, ni mkaza mwana. Nilihesabu miezi si kwa ajili ya kuzaa, ni kwa ajili ya kuja kwako. Ningemwambia nini Marwa ili aniruhusu? Kwamba namkumbuka baba yangu? Ni mwanamke gani aliyeolewa asiyemkumbuka baba yake? Lakini neno la mbuzi alilikubali.

Kwa hiyo uliponiandikia kwa mkono wako, nilijua ni wewe. Nani mwingine angesema "ng'ombe nilikula"? Nililia nikiishika, kwa sababu ulikuwa umejifunza kuandika kwa ajili yangu. Halafu nikaichoma. Marwa angeiona, safari ingekufa. Nikamsingizia Mama Bhoke, ambaye hajanikosea lolote. Nilikuandikia yale ya mkono wa Kornelio kwa sababu niliona hutathubutu kukiri mbele yake. Nilidhani utanyamaza, ulinde jina lako, nami nije.

Sikujua kwamba ungewaita wazee.

Jina lako limekwenda, na mimi ndiye niliyekusukuma. Wewe ulidanganya mara moja. Mimi nilidanganya kila barua, na nilikuwa tayari kuingiza mtoto kwenye maji yale. Nikimwangalia Verdiana naona aibu mbele ya mtu wa mwezi mmoja. Hakuna mbuzi aliyenituma, Tata. Nilitaka mwenyewe.

Kama umenikasirikia, niambie. Andika wewe, si mwalimu.

Gati


Nyanungu
4 Julai 1976

Gati mwanangu.

Barua yako nimeisoma mwenyewe. Imenichukua siku tatu. Kornelio sikumwonyesha.

Siku ya kwanza nilifika pale unaposema ulijua. Nilikasirika. Nilisema huyu mtoto ameniacha nikavuliwa nguo mbele ya wazee, naye anajua. Sikula. Siku ya pili nikasoma pale unaposema moyo wako uliruka. Hapo nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kama naumwa. Miaka yote ile unachungulia! Na mimi nikijiita mtu wa kuona.

Sikukasirikii tena. Tulikuwa wawili tunaitana, kila mtu anaona haya kutaja jina la mwenzake.

Huku hakuna anayekuja kwangu sasa. Wanapita, wanasema shikamoo, hawakai. Jioni ni ndefu. Wakati mwingine naandika majina ya mazao kweli.

Kisu anacho Werema. Alikuja juzi, si kwa ubaya. Nilimwambia nataka kwenda Manchira kumwona mjukuu. Akasema wewe ni mzee, na mto haujashuka wote, ngoja nikuchinjie mbuzi nione njia. Nikamwambia hapana. Akashangaa. Akasema, utakwendaje bila kujua?

Gati, miaka ile yote nilidhani watu wanakuja kwangu kutaka kujua kesho. Hawakutaka. Walitaka mtu wa kusema nenda au kaa, ili kikiharibika wamlaumu yeye na mbuzi. Mimi safari hii nitajilaumu mwenyewe.

Naondoka Alhamisi. Kijana wa Kemambo atanishika mkono kwenye maji. Nina hofu sana mwanangu. Sijawahi kutoka nyumbani hivi, sijui kama nitafika au sitafika. Usiku nataka kumwita Werema. Halafu simwiti.

Marwa akiuliza safari yangu ina sababu gani, usitafute neno. Mwambie namkumbuka mtoto wangu.

Wangwe